Choo kigumu kwa watoto: Kwa nini ushauri wa ‘mpe mboga’ hautoshi

Mama wa Arash, Tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, akimfikisha mtoto wake kwenye kituo cha afya kwa sababu hajapata choo kwa siku tano, mara nyingi huondoka na sentensi moja: “Mama, mpe mboga za majani na matunda, anywe maji mengi.”

Si ushauri mbaya. Ndio huohuo anaopewa mama wa Karatu mjini na mama wa Kinondoni. Tatizo ni kwamba umekuja kwa kuchelewa. Choo kilichokwisha kukauka na kurundikana kwenye utumbo hakitolewi na mchicha. Tena kwa mama wa Arash wakati wa kiangazi, mboga ni ya kununua, matunda ni ya kununua, na maji ni ya kufuata mbali.

Hoja ya safu hii leo ni moja: nyuzinyuzi za chakula hukinga, dawa ya kulainisha choo hutibu. Mzazi akichanganya mambo haya mawili, mtoto huteseka miezi mingi kwa tatizo linalotibika. Watoa huduma nao wakiyachanganya, lawama yote humwangukia mama, kana kwamba kosa zima liko kwenye chungu chake.

Si kila kukosa choo ni ugonjwa

Tuanze na wasiohitaji dawa. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee, hasa baada ya mwezi wa kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila choo. Kama ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, tumbo lake ni laini na choo kikija ni laini, huyo hana tatizo. Vivyo hivyo mtoto wa miezi michache anayejikunja na kulia kabla ya kupata haja, kisha akatoa choo laini. Bado anajifunza kulegeza misuli ya njia ya haja kubwa wakati huohuo anaposukuma.

Kwa mtoto mkubwa, madaktari hawahesabu siku peke yake. Wanatafuta angalau dalili mbili kati ya hizi, zilizodumu mwezi mmoja au zaidi: kupata choo mara mbili au pungufu kwa wiki, kubana choo kwa makusudi, maumivu au choo kigumu, choo kikubwa kupita kiasi, kujichafua kwa mtoto ambaye tayari alikuwa anajua kwenda chooni, na rundo la choo ambalo mtoa huduma analigusa anapopima.

Kati ya watoto 100 wenye tatizo hili, takribani 95 hawana ugonjwa mwingine wowote uliojificha. Utumbo wao ni mzima. Kilichoharibika ni mzunguko wa haja.

Jinsi tatizo linavyojizungusha

Huanza na jambo dogo. Mtoto alipata homa akakosa hamu ya kula na kunywa. Au aliachishwa ziwa. Au alianza shule akakuta choo kinachomtisha. Au alishinda porini na ndama toka asubuhi hadi jioni bila maji ya kutosha. Choo kikawa kigumu, akakitoa kwa maumivu, pengine ngozi ikachanika na tone la damu likaonekana.

Siku inayofuata mtoto anakumbuka maumivu yale. Haja ikija, anaibana. Wazazi wengi humwona anasimama kwa ncha za vidole, anapishanisha miguu, anajificha nyuma ya nyumba huku amekaza uso, wakadhani anasukuma. Kumbe anazuia.

Choo kilichozuiwa hubaki kwenye utumbo mpana, na kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kila siku inayopita kinazidi kukauka na kuwa kikubwa. Sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka ili kukihifadhi, na inapotanuka kwa wiki na miezi hupoteza uwezo wa kuhisi kwamba imejaa. Mtoto haoni tena haja ya kwenda chooni mpaka maumivu yamzidi.

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea njia. Choo chepesi kutoka juu hupenya pembeni ya lile rundo gumu na kuvuja kwenye nguo bila mtoto kujua. Nyumbani wanaona anaharisha. Akipewa dawa ya kuzuia kuhara, rundo linazidi kuwa gumu. Shuleni wanaona uchafu na uzembe. Wenzake wanamcheka, na wapo wanaochapwa kwa kosa hilo. Mtoto huyu hafanyi makusudi. Hahisi chochote mpaka nguo imeshaloa. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita au saba anayejichafua mara kwa mara apimwe tumbo kwanza, kabla ya kupewa dawa ya kuharisha na kabla ya kushikiwa fimbo.

Nyuzinyuzi hufanya kazi gani

Nyuzinyuzi, ambazo vitabu vingine huziita makapi mlo, ni sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuimeng’enya. Zinafika utumbo mpana zikiwa karibu nzima, zinashika maji, zinalisha bakteria wenye faida na kukipa choo ujazo na ulaini. Zinapatikana kwenye nafaka isiyokobolewa, maharage na jamii yake, mboga, matunda, mizizi na karanga. Maziwa, nyama, mayai na samli hazina nyuzinyuzi hata kidogo.

Sehemu ya elimu hii ilianzia kwa majirani zetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, kwa muda mrefu katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa nadra kwa wanakijiji wa Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake Alec Walker na Neil Painter walichapisha vipimo katika jarida la Lancet vikionyesha kwamba choo cha wanavijiji wa Afrika kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza, na chakula kilipita tumboni mwao kwa muda mfupi zaidi. Maelezo yake yalikuwa rahisi: wanavijiji walikula vyakula visivyoondolewa makapi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wenye viwango kwa watoto. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano apate angalau gramu 15 za nyuzinyuzi kwa siku; wa miaka sita hadi tisa, gramu 21; na kuanzia miaka 10, gramu 25.

Tuzipime gramu hizo kwa chakula tunachokijua. Gramu 100 za unga wa dona zina nyuzinyuzi kama gramu 7. Mahindi yakikobolewa na kuondolewa kiini ili kupata sembe nyeupe, hubaki kama nusu ya hapo, au chini zaidi. Sasa mchukue mtoto wa miaka saba anayekula kwa siku nzima uji na ugali wa unga wa gramu 200. Kwa sembe na maziwa, amepata kama gramu 7, theluthi moja ya anachohitaji. Kwa dona, amepata gramu 14. Ongeza nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, kama gramu 6, na kiganja cha mchicha au mnafu, gramu 2 hivi. Amefika 22.

Maana yake ni kwamba hesabu hii haihitaji tufaha la dukani wala nafaka za boksi. Hatua mbili kubwa kuliko zote ni kubadili unga na kuweka maharage kwenye sahani.

Kwa nini Arash hesabu hiyo ni ngumu

Msomaji atauliza: Wamaasai wa zamani waliishi kwa maziwa na nyama, mbona hatukusikia watoto wao wakifunga choo? Hakuna aliyewahesabu, kwa hiyo tusiseme hawakufunga. Tunachojua ni kwamba ulaji ule ulikuwa na mengi zaidi ya maziwa na nyama. Maziwa yalikuwa mengi, na maziwa mengi ni majimaji mengi na mafuta mengi. Supu ilichemshwa na magome na mizizi kama olkiloriti. Na zilikuwapo dawa za kuosha tumbo, kama olmukutan, zilizotolewa na watu waliojua kipimo chake.

Kwa kaya nyingi za wafugaji mpangilio huo umevunjika hatua kwa hatua kwa miongo kadhaa. Mifugo kwa kila mtu imepungua na unga wa mahindi umechukua nafasi ya maziwa. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua mifugo mingi kaskazini mwa nchi. Juni 2022 serikali iliweka mipaka ya eneo la takribani kilomita za mraba 1,500 katika Tarafa ya Loliondo, ambalo baadaye lilitangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ikitumiwa kwa malisho na wafugaji wa kata kadhaa, Arash ikiwamo. Mabishano ya ardhi yana mahakama na wanasiasa wake. Safu ya afya inaangalia kibuyu cha maziwa: kikipungua, kitu gani kinaingia mahali pake?

Mara nyingi kinachoingia ni sembe na chai ya rangi. Mtoto amepoteza maziwa bila kupata maharage. Amepoteza ulaji wa mfugaji bila kupata ulaji wa mkulima. Kumwambia mama yake “mpe mboga” bila kuuliza mboga inatoka wapi ni kumwandikia dawa isiyo dukani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chakula chenyewe hakiko mbali. Upande wa Karatu wanalima mahindi, maharage, ngwara na mbaazi. Mbaazi, zenye nyuzinyuzi nyingi kama maharage, zimelimwa kwa miaka mingi zaidi kwa ajili ya soko la India kuliko kwa ajili ya jiko la nyumbani. India ilipoweka ukomo wa kuziingiza mwaka 2017, bei ilianguka na wakulima wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Maharage na mbaazi kavu hazihitaji friji, hazinyauki njiani na hukaa miezi. Kwa mahali palipo mbali na soko, gunia la mbaazi lina faida kuliko tenga la mboga zinazofika zimenyauka.

Kuna tahadhari moja kuhusu dona. Kwa kuwa ganda na kiini havitolewi, mahindi yenye ukungu huingia nayo yote kwenye unga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo chambua mahindi kabla ya kusaga, tupa punje zilizooza au kubadilika rangi, yahifadhi yakiwa makavu, na saga kidogo kidogo kwa sababu dona huchacha mapema kuliko sembe.

Kwa mtoto ambaye hajazoea, badili polepole. Changanya nusu dona na nusu sembe kwa wiki mbili, kisha ongeza. Ukimpa nyingi kwa ghafla atajaa gesi na kukikataa chakula. Na nyuzinyuzi bila maji hazifanyi kazi yake. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji lita moja na zaidi kidogo ya vinywaji kwa siku, maziwa na uji vikiwamo, na zaidi ya hapo kama anashinda juani. Maji kupita kiasi hayatalainisha choo zaidi. Anayepungukiwa ndiye anayenufaika.

Pale chakula kinapofikia ukomo

Yote hayo ni kinga, na ni msaada kwa mtoto aliyekwisha kupona asirudi alikotoka. Mtoto aliyekwisha kurundika choo ni habari nyingine.

Mwaka 2010 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoandaa miongozo ya tiba, ilielekeza kwamba mabadiliko ya chakula peke yake yasiwe tiba ya kwanza ya mtoto mwenye tatizo hili. Mwaka 2014 vyama vya madaktari wa tumbo na lishe ya watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini vilipitia tafiti zilizokuwapo vikafikia msimamo wa aina hiyo: mtoto ale nyuzinyuzi za kiwango cha kawaida na anywe maji ya kawaida, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumwongezea nyuzinyuzi juu ya kiwango hicho kunamtibu. Kinachomtibu ni dawa ya kulainisha choo.

Ukifikiri jinsi utumbo ulivyotanuka utaona sababu. Kuongeza ujazo wa choo nyuma ya rundo lililokwama ni kama kuongeza magari kwenye barabara iliyofungwa mbele. Tumbo linajaa zaidi na mtoto anaumia zaidi. Kwanza fungua njia.

Tiba ina hatua mbili. Ya kwanza ni kuondoa rundo, kwa dozi kubwa ya dawa ya kunywa kwa siku chache, kwa kawaida siku tatu hadi sita. Ya pili ni kudumisha, kwa dozi ndogo ya kila siku ili choo kibaki laini wakati utumbo ukirudi kwenye ukubwa wake na mtoto akisahau maumivu. Hatua hii huchukua angalau miezi miwili, na dawa haipunguzwi mpaka dalili ziwe zimeisha kwa angalau mwezi mmoja. Ikipunguzwa, ipunguzwe kidogo kidogo. Wapo watoto wanaohitaji miezi sita, wapo wanaohitaji mwaka.

Dawa ya kwanza katika miongozo hiyo ni makrogoli, unga unaochanganywa na maji. Isipopatikana, ni laktulosi, sharubati tamu. Zote mbili hufanya kazi kwa kushikilia maji ndani ya utumbo, ndiyo maana mtoto anayezitumia lazima anywe. Sena na bisakodili huamsha misuli ya utumbo na huongezwa pale za kwanza zisipotosha. Kipimo hupangwa na mtoa huduma kwa uzito na umri wa mtoto. Usigawe kidonge cha mtu mzima kwa kukadiria.

Wilaya ya Ngorongoro inakumbukwa nchi nzima kwa kikombe cha Samunge. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakalipa Sh500 na kunywa mara moja. Matumaini ya tiba ya mara moja hayakuwa ya Samunge peke yake, yako kwa kila mzazi anayemwona mtoto amepata choo siku ya tatu ya dawa akaiweka chupa juu ya kabati. Kwa mtoto anayefunga choo hapo ndipo kosa kubwa linapotokea. Njia imefunguka, lakini utumbo bado umetanuka na woga bado upo. Baada ya wiki mbili rundo limerudi, na mzazi anasema dawa haifanyi kazi.

Hofu nyingine ni kwamba utumbo “utazoea” dawa. Makrogoli na laktulosi haziufanyi utumbo kuwa mvivu. Kinachoufanya utumbo ushindwe kazi ni kuachwa umejaa.

Nani analipia miezi hiyo?

Hapa suala linatoka jikoni na kuingia kwenye sera. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Lakini matatizo mengi ya kubana choo hujitokeza mtoto anapoanza shule, yaani umri uleule ambao msamaha unakoma. Na hata kwa mwenye msamaha, dawa ikikosekana dirishani, mzazi huandikiwa cheti akanunue kwenye duka la dawa muhimu. Chupa ya wiki moja anaweza kuimudu. Chupa za miezi mitatu ni hesabu nyingine.

Bima ingekuwa jibu. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikilipiwa Sh50,400 kwa mwaka, na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule, kabla ya utaratibu huo kurejeshwa baadaye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaahidi kufunika kila Mtanzania. Kipimo cha ahadi hiyo hakitakuwa upasuaji wa moyo peke yake. Kitakuwa pia chupa ya laktulosi inayopatikana mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu katika zahanati iliyo mbali na lami.

Ugumu mwingine ni kwamba tatizo hili halina mtetezi. Katika orodha ya WHO ya dawa muhimu za watoto, laktulosi na sena zimewekwa kwenye sehemu ya kupunguza mateso ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Mtoto mzima anayelia chooni hakufikiriwa. Anayepanga bajeti ya dawa za kituo kidogo, mwenye malaria, nimonia na kuhara mezani, hawezi kulaumiwa sana akiiweka dawa ya choo mwishoni. Lakini ni vema ajue kwamba baadhi ya watoto anaowaandikia dawa za kuhara na za minyoo, tatizo lao ni hili.

Choo cha shule nacho ni dawa

Dawa na dona vitashindwa kama mtoto bado anabana saa nane kwa siku. Mwongozo wa Tanzania wa huduma za maji na usafi shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mzazi yeyote mwenye mtoto shuleni anaweza kuhesabu mwenyewe. Mlango usiofungika, giza, tundu kubwa linalomtisha mtoto wa darasa la kwanza, kukosekana kwa maji ya kunawa: yoyote kati ya hayo yanatosha kumfanya mtoto asubiri mpaka arudi nyumbani. Na katika maeneo ya wafugaji, ambako watoto wengi husoma bweni, kurudi nyumbani ni mwisho wa muhula.

Kwa upande wa chakula, shule inaweza kuwa mahali pazuri kuliko nyumbani. Sahani ya makande, mahindi na maharage vikipikwa pamoja, ni miongoni mwa vyakula bora vya nyuzinyuzi nchini. Kamati ya shule ikikaa kujadili michango ya chakula, wazazi waulize maswali mawili: unga ni dona au sembe, na maharage ni mara ngapi kwa wiki? Tunaiita sembe chakula cha wenye nafasi na dona chakula cha shida. Tumbo la mtoto haliutambui utofauti huo.

Usifanye haya

Usimwingizie mtoto kipande cha sabuni, kijiti wala kidole kwenye njia ya haja kubwa. Sabuni huunguza, kijiti hujeruhi, na vyote humwongezea woga. Usimpe bomba la maji ya dawa za kienyeji. Usimpe mtoto mdogo olmukutan au mafuta ya nyonyo kwa kukadiria, kwa sababu dawa inayoosha tumbo la mtu mzima inaweza kummalizia mtoto maji mwilini. Usimpe asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Usimkatize maziwa kwa kubahatisha. Wapo watoto wachache ambao maziwa ya ng’ombe ndiyo chanzo, lakini hilo huamuliwa na mtoa huduma, kwa majaribio ya wiki mbili hadi nne, kukiwa na chakula cha kuziba pengo.

Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake, ila usiitegemee ilainishe choo.

Badala yake, mkalishe mtoto chooni au kwenye poti dakika tano hadi kumi baada ya kula, kila siku, kwa sababu utumbo huamka chakula kinapoingia tumboni. Kama choo ni cha kukaa, weka kitu chini ya miguu ili magoti yapande juu. Choo cha kuchuchumaa kina faida hiyo tayari. Akijaribu, msifu hata kama hakutoa kitu. Akijichafua, msafishe bila maneno.

Wahi hospitali ukiona haya

Mpeleke mtoto haraka, bila kusubiri dona wala sharubati, kama: alipozaliwa alikaa zaidi ya saa 48 bila kutoa choo cha kwanza, tatizo lilianza katika mwezi wake wa kwanza wa maisha, anatapika kijani, tumbo limevimba na kukaza, ana homa na damu kwenye choo, hakui au anapungua uzito, miguu ni dhaifu, au kuna shimo, kinyweleo au uvimbe usio wa kawaida chini ya uti wa mgongo. Hawa ndio wachache ambao huenda wana ugonjwa uliojificha, na wengine huhitaji upasuaji. Kwa familia za Arash, Hospitali ya Wasso ndiyo mahali pa kuelekea.

Kwa wengine wote, mzazi asiondoke kituoni na sentensi moja. Aulize: Je, choo kimerundikana, au ni kigumu tu? Dawa gani itakitoa, na ipi itakizuia kurudi? Nitaitumia kwa miezi mingapi, na nirudi lini kupimiwa? Mtoa huduma akijibu hayo matatu, ndipo ushauri wa mboga, maharage na maji utakapokuwa na kazi ya kufanya.